Bugali na mbao vyote ni glukosi: kwa nini kimoja tunakula na kingine tunajengea?

Mwana_Bagira
Jambo kwenu wote. Niko darasa la sita la sekondari, bioshimi (biolojia na kemia), hapa Bukavu, mtihani wa taifa unakaribia, na somo la molekuli kubwa za uhai linanisumbua. Kukariri nimekariri: wanga, protini, mafuta, asidi nukleiki. Kinachonishinda ni kuelewa. Daftari linasema wanga wa muhogo ni glukosi zilizoungana. Ukurasa wa nyuma linasema selulosi ya mbao nayo ni glukosi zilizoungana. Glukosi ileile, fomula ileile. Basi kwa nini bugali linanishibisha, na ubao wa kitanda hata nikiutafuna usiku kucha sipati kitu? Anayeweza kunieleza bila kunirudisha kwenye kukariri anisaidie.

Kijana_Panzi
Anza na ubao halafu utuletee matokeo 😂

Prof_Nyawera
Bagira, umegusa penyewe. Ukilielewa hili swali moja, nusu ya somo imekwisha.

Glukosi katika minyororo hii imejikunja kuwa pete. Kwenye kaboni namba 1 ya pete hiyo kuna kikundi cha OH (oksijeni na haidrojeni), nacho kinaweza kuelekea chini au juu. Kikielekea chini tunasema alfa, kikielekea juu tunasema beta. Tofauti yote iko hapo. Katika wanga, kaboni ya 1 ya glukosi moja inashikana na kaboni ya 4 ya glukosi inayofuata, kwa kiungo cha alfa. Katika selulosi ni 1 na 4 vilevile, ila kwa beta.

Sasa fuata mnyororo unavyorefuka. Kwa alfa, kila glukosi inaongeza kona ndogo upande uleule, mwishowe mnyororo unajizungusha, karibu glukosi sita kwa kila mzunguko. Kwa beta, kila glukosi imepinduliwa ukilinganisha na jirani yake, kona moja inafuta nyingine, na mnyororo unanyooka kabisa. Minyororo iliyonyooka inalala ubavu kwa ubavu na kushikana kwa viungo vya haidrojeni. Kiungo kimoja cha haidrojeni ni dhaifu, lakini hapa viko vingi mno, maji hayapati pa kuingia. Ongeza lignini inayozigandisha nyuzi hizo, umepata mbao. Bila lignini umepata pamba.

Upande wa kula: mate yako yana enzimu inayoitwa amilasi. Enzimu ni protini yenye bonde la umbo maalumu, na ndani ya bonde hilo kiungo cha alfa kinakaa vizuri, kinakatwa. Kiungo cha beta hakikai. Mwili wa binadamu hautengenezi enzimu yoyote ya kukata selulosi. Na kabla hujaniambia habari za ng'ombe wa Masisi, naye hatengenezi! Anafuga vijidudu tumboni, ndivyo vinavyokata, yeye anafaidi kazi yao.

Ukitaka kuona kwa macho, nunua tintiri ya ayodini kwenye famasi. Tone moja juu ya bugali: bluu nyeusi, kwa sababu ayodini inaingia ndani ya mizunguko ya wanga. Tone moja juu ya pamba: inabaki na rangi yake ya kahawia. Usijaribu kwa karatasi ya daftari, karatasi nyingi hupakwa wanga kiwandani, zitakudanganya.

Mwana_Bagira
Aksanti sana mwalimu. Yaani OH moja kuelekea juu au chini ndiyo inatenganisha chakula na kitanda? Mbona darasani hatukuambiwa hivi.

Mshi_wa_Walungu
Ninyi wasomi, nami nina langu. Bugali la muhogo linavutika, linateleza kooni. Bugali la mahindi ni gumu, likilala hadi asubuhi unaweza kulikata kwa kisu. Kama wote ni wanga, na wote ni alfa, hiyo inatoka wapi?

Laboranti243
Mukubwa, wanga wenyewe ni wa aina mbili ndani ya punje moja. Amilosi ni mnyororo mmoja mrefu usio na matawi. Amilopektini ina matawi, kila baada ya glukosi 24 hadi 30 hivi linachipuka tawi jipya kwa kiungo cha 1 na 6. Mahindi ya kawaida yana amilosi karibu robo ya wanga wake, muhogo una kidogo kuliko hapo.

Maji yakifika nyuzi 60 hadi 70 hivi, punje za wanga zinavimba, zinafunguka, unga unageuka uji mzito. Likipoa, minyororo inaanza kutafutana tena, na amilosi ndiyo inayowahi kwa sababu haina matawi ya kuizuia. Inajipanga, inasukuma maji nje, bugali linakuwa gumu. Amilopektini yenye matawi inachelewa kujipanga. Ndiyo maana la muhogo linabaki laini na kuvutika muda mrefu zaidi.

Ini lako nalo lina wanga wake, glikojeni, yenye matawi mengi kuliko amilopektini, kila baada ya glukosi 8 hadi 12. Enzimu zinakata kuanzia kwenye ncha. Ncha zikiwa nyingi, glukosi inatoka haraka. Mtu akikukimbiza pale Place Munzihirwa huna muda wa kusubiri mnyororo mmoja ukatwe kutoka mwisho mmoja.

Kijana_Panzi
Sawa, tukubali. Lakini mbona mmeruka mafuta? Daftari la huyu mdogo linasema molekuli kubwa ni nne, mafuta yamo. Mawese yana mnyororo gani?

Prof_Nyawera
Na mimi nitaendelea kugombana na madaftari hadi nistaafu. Mafuta hayana mnyororo wa vipande vinavyojirudia. Ni gliseroli moja iliyoshika asidi tatu za mafuta, basi. Uzito wa molekuli yake ni kama daltoni 850 hivi (daltoni moja ni karibu uzito wa atomi moja ya haidrojeni), wakati protini ndogo tu inafika maelfu na wanga unafika mamilioni. Wanayaweka kwenye orodha kwa sababu mwili unayahitaji sana na kwa sababu ndugu zake, fosfolipidi, zikikusanyika zinajenga utando wa seli, kitu kikubwa kweli. Kwenye mtihani andika wanavyotaka, Bagira, lakini ujue.

Hata hivyo kanuni ya umbo inafanya kazi huko pia. Asubuhi ya baridi hapa Bukavu, mita 1500 juu ya bahari, mawese yanaganda kwenye chupa, mafuta ya karanga hayagandi. Karibu nusu ya asidi za mawese zimenyooka, zinapangana zikabanana. Zile za karanga nyingi zina kona katikati, penye kiungo maradufu, haziwezi kupangana vizuri.

Mama_Sombe
Nawasomaka tu tangu asubuhi. Miye nauzisha sombe, majani ya muhogo, hapa Kadutu. Nawauliza nyinyi ba prof: sisi bamama tunatwangaka sombe mbichi kwanza, kisha ndiyo tunaiweka ku moto, na chungu tunaiachaka wazi. Mama yangu alikuwa anasema ukipika majani mazima, au ukifunika chungu, sombe inakuwa na sumu. Bibi-arusi wa leo anaweka majani ku maji moto kwanza ili yalainike, ndiyo anatwanga. Nani ana haki?

Laboranti243
Mama yako ana haki, tena kwa sababu inayoingia moja kwa moja kwenye uzi huu.

Muhogo, majani na mzizi, una kitu kinaitwa linamarini. Ni molekuli ndogo, glukosi iliyoshika kipande chenye sianidi. Ikikaa ilivyo haileti shida kwa mmea, imefungiwa ndani ya kifuko katikati ya seli. Mahali pengine, kwenye ukuta wa seli, kuna enzimu inaitwa linamarasi. Hizi mbili hazionani. Mdudu akitafuna jani, kuta zinavunjika, enzimu inakutana na linamarini, inamkata glukosi, na mwishowe sianidi inatoka. Mdudu anajuta.

Mama akitwanga anafanya kazi ya mdudu, lakini kwa faida yake. Kadiri anavyosaga laini ndivyo seli nyingi zinavyovunjika, ndivyo enzimu inavyokata linamarini nyingi. Sianidi inayotoka ni haidrojeni sianidi, inachemka kwenye nyuzi 26 tu, kwa hiyo ikiwekwa motoni inaruka na mvuke. Chungu wazi, iende zake.

Sasa bibi-arusi. Akitia majani mazima kwenye maji yanayochemka, enzimu inapikwa kabla haijakutana na linamarini. Enzimu ni protini, na protini inafanya kazi kwa umbo lake. Joto kali linalegeza vile viungo dhaifu vinavyoshikilia mikunjo, bonde la kukatia linapotea. Asidi amino ni zilezile, kwa mpangilio uleule, hakuna hata moja iliyotoka, lakini mashine imekufa. Linamarini yenyewe inavumilia moto. Inabaki kwenye majani, sehemu inaingia kwenye maji, nyingine unakula. Akitwanga baada ya hapo anapata ulaini tu.

Kijana_Panzi
Mbona wapo wanaochemsha kwanza na hawajafa?

Laboranti243
Wakimwaga yale maji ya kwanza wanatoa sehemu ya linamarini, na muhogo wa aina tamu una kidogo tangu mwanzo. Sikusema watakufa kesho. Nasema njia ya Kadutu inatumia enzimu ya mmea wenyewe, na ile nyingine inaiua halafu inategemea maji.

Mama_Sombe
Asante mwanangu. Nitamwonyesha bibi ya mtoto wangu hii simu leo jioni. Atajua mimi si mchawi.

Mshi_wa_Walungu
Na mzizi? Sisi tunaroweka siku 3 au 4, tunaanika, ndiyo tunasaga.

Laboranti243
Ni hesabu ileile. Ndani ya maji vijidudu vinakula pektini inayogandisha kuta za seli, mzizi unalainika, kuta zinaachia, linamarasi inapata nafasi. Ukiutoa siku ya kwanza kwa sababu soko linakuita, mzizi bado mgumu, kazi haijaisha. Huko Kwango, watafiti waliofuatilia konzo waliona shida ilianza hivyo: barabara ya kwenda Kinshasa ilifunguka, wateja wakawa wengi, siku za kuroweka zikapunguzwa.

Kwa wasioijua, konzo ni kupooza kwa miguu kunakokuja ghafla, mtu analala mzima anaamka hawezi kutembea sawasawa, na hakuponi. Daktari Trolli aliieleza Kwango mwaka 1938. Na si mambo ya mbali, hata kwetu Kivu Kusini imeripotiwa, huko Burhinyi, wakati watu wamebanwa na vita wakabaki na muhogo mchungu peke yake.

Mwana_Bagira
Yaya Laboranti, hapo nina swali. Watu wengi wanakula muhogo wenye sumu kidogo. Kwa nini konzo inachagua maskini wasiokula kitu kingine? Ni kipimo cha sianidi tu?

Laboranti243
Swali la mtihani wa chuo kikuu hilo. Sianidi inakamata chuma kilicho ndani ya protini moja ya mitokondria, ile ya mwisho kwenye mnyororo wa kupumua, inayokabidhi elektroni kwa oksijeni. Ikikamatwa hapo, oksijeni ipo lakini seli haiwezi kuitumia. Mwili una njia ya kujitetea: enzimu inaitwa rodanasi inabandika salfa kwenye sianidi, inakuwa tiosianati, ambayo haina ukali kiasi hicho na inatoka kwa mkojo.

Salfa hiyo inatoka wapi? Kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini. Na hizo unazipata kwenye protini unayokula. Mzizi wa muhogo una protini asilimia 1 hivi, karibu na hakuna. Kwa hiyo anayekula bugali la muhogo mchungu peke yake anaingiza sianidi nyingi huku hana salfa ya kuizima. Mwenye kuongeza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani hiyohiyo anasimama mahali tofauti kabisa.

Prof_Nyawera
Niongeze hapo, maana wanafunzi wangu husema "protini ni protini". Hapana. Protini zote zimejengwa kwa asidi amino 20, lakini 9 kati ya hizo mwili wetu hauwezi kuzitengeneza, lazima zije na chakula, na zije kwa uwiano. Mahindi ni maskini wa lisini na triptofani. Maharagi yana lisini ya kutosha lakini yamepungukiwa methionini. Ukivila pamoja, kimoja kinajaza shimo la kingine. Uji wa masoso, mahindi na sorgo na soya, umejengwa juu ya hesabu hiyo. Waliopanga mchanganyiko ule walijua wanachofanya, hata kama kwenye soko la Nyawera utauziwa masoso ambayo soya imepita karibu tu na mfuko.

Bushi, nchi ya Washi hapa kwetu, inaijua njaa ya namna hii kwa jina lake, bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, na jirani anasema amenenepa. Watafiti wa kituo cha Lwiro walishughulika nayo tangu wakati wa ukoloni, na Bukavu ikapata Comité Anti-Bwaki yake, kamati ya kupambana na bwaki. Maelezo ya vitabuni ni kwamba albumini inapungua kwenye damu. Albumini ndiyo protini inayoshikilia maji yasitoke kwenye mishipa. Ikipungua, maji yanavuja kwenye nyama, ndiyo uvimbe. Wataalamu wa leo wanabishana kama hiyo inatosha kueleza bwaki yote, na mimi niko upande wa wanaoona haitoshi. Lakini kwa mtihani, Bagira, andika albumini.

Kijana_Panzi
Kila kitu kwa mtihani! Haya, niulize kwa ukweli safari hii. Mmesema protini ni umbo, na umbo linatokana na mpangilio. Kuna mahali ambapo kosa moja tu la mpangilio linaonekana kwa mtu? Siyo kwa joto, kwa kosa lenyewe.

Laboranti243
Panzi, nenda hospitali yoyote ya mji huu uulize watoto wa SS, wenye ugonjwa wa seli mundu. Himoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta (hapa ni majina tu, si alfa na beta za glukosi). Wa beta una asidi amino 146. Kwenye nafasi ya 6 panatakiwa asidi glutamiki, ambayo ina chaji na inapenda maji. Kwa mtoto wa SS pamekaa valini, inayokimbia maji. Ni hiyo moja, kati ya 146.

Himoglobini ikiwa na oksijeni hakuna kinachoonekana. Ikishaiachia oksijeni, umbo lake linabadilika kidogo na kwenye molekuli ya jirani unafunguka mfuko mdogo usiopenda maji. Valini inaingia humo. Jirani naye anamshika mwingine, zinakuwa nyuzi ndefu ngumu, chembe ya damu inapinda kama mundu, inaziba mishipa midogo. Ndiyo yale maumivu. Vernon Ingram alilionyesha badiliko hilo la asidi amino moja mwaka 1956 na 1957, na mtu anaweza kusema magonjwa ya molekuli yalianza kusomwa hivyo hapo. Kongo ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wa SS duniani, kwa hiyo mnaotaka kuoana pimeni elektroforezi, kipimo cha damu cha himoglobini, kwanza. Pete ya ndoa haitaharibika kwa kusubiri wiki.

Kijana_Panzi
Hapo sicheki. Mdogo wangu ni SS. Aksanti kwa maelezo.

Mama_Sombe
Pole sana mtoto wangu. Mumuchunge na baridi, na anywe maji mengi.

Mwana_Bagira
Pole sana yaya. Naomba la mwisho, asidi nukleiki: ADN na ARN (wengine husema DNA na RNA). Zinatofautiana kwa atomi moja ya oksijeni kwenye sukari, na kwa besi T na U. Mbona ADN inadumu miaka maelfu kwenye mifupa na ARN inaharibika haraka?

Prof_Nyawera
Oksijeni hiyohiyo uliyoitaja. ARN ina OH kwenye kaboni ya 2 ya sukari yake, ADN haina. OH hiyo inakaa jirani kabisa na kiungo cha fosfati kinachobeba mnyororo mzima, na inaweza kukishambulia na kukikata yenyewe, hasa penye alkali. ADN haina silaha hiyo ya kujikatia. Tena ADN hukaa nyuzi mbili zilizokumbatiana, besi zikiwa ndani, na nyuzi moja ikiharibika nyingine inatumika kuitengeneza. Kwa kuhifadhi urithi unataka kitu kama hicho. ARN ya kutuma ujumbe ifanye kazi iondoke, isiponyamazishwa seli itaendelea kutengeneza protini ambayo haihitajiki tena.

Na hapo kwenye "OH ya 2" watahini wanapapenda, kwa hiyo chora.

Mshi_wa_Walungu
Narudi kwenye muhogo, mnisamehe. Unga ukishasagwa, na ukashuku kwamba aliyekuuzia hakuroweka vizuri, kuna la kufanya au ni kuutupa?

Laboranti243
Lipo, mukubwa. Mtafiti wa Australia, Howard Bradbury, aliitengeneza njia hiyo na ikatumika kwa kina mama wa Popokabaka huko Kwango. Changanya unga na maji hadi ulowe, utandaze juu ya sahani au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita moja. Uache masaa 2 juani au 5 kivulini. Linamarasi iliyobaki kwenye unga inaamka ikipata maji, inakata linamarini iliyobaki, na gesi inaondoka. Ukitandaza mnene, ya chini haipati pa kutokea.

Mama_Sombe
Unga ukisha kulowa si utachacha? Naweza kuuweka mpaka kesho?

Laboranti243
Usiuweke, mama. Lowesha ule wa bugali la siku hiyo tu, na usonge jioni hiyohiyo.